Mwaka wa Pili wa Mialoni

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, mjane wa mwaka wa tatu, na nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo ili nihurumiwe. Katika kijiji chetu cha Dotgol, kwenye milima ya Jeolla Kusini, hakukuwa na mwanamke wa rika langu ambaye hakuwa amechoka. Mume wangu alikufa kwa ugonjwa wa kifua, akaniachia majaruba mawili ya mpunga yanayotegemea mvua ya mbinguni, binti zetu wawili Sun-im na Mal-suk, na mama yake mzazi.

Ni habari za huyo mama mkwe wangu ninazotaka kusimulia. Jina lake la kuzaliwa nilikuja kulijua siku ya kuandikisha kifo chake. Watu walimwita Okgwa, kwa kuwa aliolewa kutoka Okgwa, na kwetu mwanamke huingia kwa mumewe akiwa amebeba jina la kwao kama alivyobeba masanduku yake. Alikuwa mfupi, mgongo umeanza kupinda, na alikuwa na maneno. Ukimwamkia kwa neno moja, anakurudishia kumi. Lakini kwa jambo moja kijiji kizima kilimsikiliza, nalo ni mialoni.

Mlima ulio nyuma ya nyumba zetu umejaa mialoni mikubwa. Kila mmoja una kovu kifuani, mahali ambapo mababu na mababu wameupiga kwa jiwe zito ili kokwa zidondoke. Kokwa hizo ndizo chakula. Huanikwa, hubanguliwa, hutwangwa, unga wake hulowekwa siku nyingi mpaka uchungu utoke, halafu hupikwa na kukorogwa hadi ugande, ukakatwa vipande na kuliwa kwa mchuzi wa soya. Mwaka mwingine mlima unatoa magunia na magunia. Mwaka mwingine hupati hata za kujaza kofia. Wazee husema mwaloni hulitazama shamba kwanza: ukiona mpunga umestawi, unafumba mkono, ukiona majaruba matupu, unaufumbua. Mtoto wa kwetu anaujua msemo huo kabla hajajua kuhesabu hadi ishirini.

Mwaka wa sitini na saba mvua haikuja. Miche ya mpunga ilisimama kitaluni ikingoja maji ya kuhamishiwa, ikageuka njano, ikainama. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nilikuwa nafagia uwanja, mama mkwe akaniita kutoka kwenye mitungi ya soya nyuma ya nyumba.

"Mama Sun-im! Hebu njoo uone."

Vifuniko vya mitungi vilikuwa vimefunikwa na vumbi la manjano. Alipitisha kidole juu yake, akanionyesha.

"Hiki nini?"

"Vumbi, mama. Nina kazi."

"Vumbi la nini?"

"Mama, mimi nina kazi."

"Kazi ipo tu, haikimbii. Hili ni vumbi la maua ya mialoni. Angalia kule juu, vile vishada vinavyoning'inia kama ndevu za mzee. Yale ndiyo madume. Maua majike ni madogo, hata huyaoni, yamejificha kwenye vikonyo. Sasa mvua ikinyesha mwezi huu, hili vumbi linalowa, linaanguka chini, na wale majike wanabaki wajane kama mimi na wewe." Akacheka peke yake. "Lakini kukiwa kukavu hivi, na upepo ukavuma hivi, kila jike linapata mume. Ndiyo maana mpunga ukikosa, kokwa zinajaa. Wala mti hauna macho."

"Basi kwa nini mnasema unatazama shamba?"

"Kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Mwaka wa ukame mkubwa, mumeo alikuwa na miaka sita. Nilimlisha kokwa tangu vuli mpaka kiangazi. Akakua, si ulimwona mwenyewe?"

Nilimwona. Nilimzika pia. Sikusema hivyo, nikarudi kufagia.

Alisema kweli. Vuli ile sijaiona nyingine kama hiyo maishani mwangu. Usiku kokwa ziligonga mapaa mpaka watoto wakakosa usingizi. Matawi mengine yalikatika kwa uzito. Kijiji kizima kilihamia mlimani. Wanaume walipiga vigogo kwa mawe yaliyofungwa kwenye miti mirefu, nasi wanawake tulisimama chini na vitambaa vichwani, tukipigwa na kokwa mabegani na mgongoni, tukiokota. Kindi walikula mpaka wakawa wazito, hawakimbii tena mtu akipita. Hata fukusi, ambao mwaka mwingine hutoboa kokwa nusu kwa nusu, safari hii hawakuweza kuzifikia zote. Mama Deok-gu, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene wa sauti aliyekuwa na watoto wanne, mume mwenye mguu mbovu na baba mkwe mlemavu wa macho, alikuwa akiimba huku anaokota.

"Okgwa!" alipiga kelele. "Mialoni yako leo imelewa!"

"Acha ilewe," mama akajibu. "Wewe inama uokote, makalio yako yameziba njia."

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye kilikuja kuwa adimu.

Msichodhani ni kwamba kokwa zinataka maji. Unga wake bila kulowekwa na kubadilishwa maji siku tano, sita, ni mchungu, unafunga ulimi na tumbo. Na maji ndiyo tusiyokuwa nayo. Nilitembea mpaka chemchemi ya nyuma ya mlima wa pili, mara nne kwa siku, mtungi kichwani, miezi mitatu mfululizo. Nikifika nyumbani, namwaga, narudi. Mara nyingine tulipunguza siku za kuloweka, na watoto wakala hivyo hivyo, wakakaa chooni asubuhi nzima wakilia kwa tumbo lililofunga. Mama aliwakanda matumbo kwa mafuta ya ufuta mpaka mafuta yakaisha. Lakini hatukufa. Hakuna aliyekufa Dotgol majira yale ya baridi, na vijiji vya tambarare, visivyo na mialoni, vilizika.

Ilipofika mwezi wa nne wa mwaka wa sitini na nane tulikuwa tumebakiwa na magunia matatu ya kokwa kavu. Nilikuwa nayahesabu kwa macho kila nikipita ghalani. Siku moja nikakuta moja.

"Mama, magunia yako wapi?"

"Nimempa Mama Deok-gu."

"Mawili?"

"Ana midomo saba pale. Kwake wamemaliza tangu mwezi uliopita."

"Na sisi tuna midomo minne! Mama, mimi ndiye niliyeyabeba yale maji. Mimi. Shingo hii."

"Najua ni shingo yako. Sasa nifanyeje, nimwambie arudi kesho akiwa amekufa?" Alinigeukia, akalegeza sauti. "Mwanangu, sikiliza. Mvua ikinyesha tutapanda mpunga. Isiponyesha, mialoni itazaa tena. Hatuwezi kukosa vyote viwili. Haijatokea."

Wakati huohuo mwenyekiti wa kijiji, Bwana Seo, alipita nyumba kwa nyumba na daftari. Serikali ilikuwa inajenga bwawa mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Anayebeba udongo analipwa unga wa ngano. "Nafasi si nyingi," alisema, "na vijiji ni vingi. Wa kwanza kuandikwa ndiye wa kwanza kula." Lakini aliyekwenda bwawani angekosekana shambani kama mvua ingekuja ghafla, na siku za kuhamisha miche hazimngojei mtu. Watu walikusanyika barazani kwetu, wakamuuliza mama.

"Okgwa, wewe unaonaje?"

Akawaambia lile aliloniambia mimi. Mvua au mialoni, kimojawapo. Tulieni na mashamba yenu. Mama Deok-gu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia Bwana Seo afunge daftari lake. Mimi nilitaka kuandikwa. Nilinyanyua mkono nusu, nikaushusha. Nilikuwa nimechoka kubeba, na moyo wa mtu aliyechoka huamini upesi jambo linalomruhusu akae.

Mwezi wa tano ulikuja mkavu kama ule wa mwaka uliopita. Mama akachukua fimbo, akapanda mlimani. Alirudi mchana akakaa kibarazani bila kuvua viatu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Bado mapema."

Keshoye akapanda tena. Siku ya tatu nikaona amerudi na kitawi kidogo, akakitazama muda mrefu, akakitupa jikoni kwenye moto. Mama Deok-gu alichungulia juu ya ukuta.

"Okgwa, habari za walevi wako?"

"Yanakuja," mama alisema. "Mambo yanakuja."

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mwanamke yule hakuwahi kujibu kwa maneno machache hivyo.

Mwezi wa sita ukapita, na wa saba. Miche ilikufa kitaluni mwaka wa pili. Gunia letu la mwisho likaisha. Tulikula mizizi ya porini, tukachemsha majani, tukakwangua gome la ndani la misonobari. Mal-suk, binti yangu mdogo wa miaka mitano, alianza kulala mchana, mtoto ambaye zamani hukumpata akikaa. Lakini watu walikuwa wakisalimiana kwa kusema, "Vuli si mbali." Kila aliyepita kwetu alisema hivyo, na mama aliitikia kwa kichwa, ndiyo, si mbali.

Siku moja ya mwezi wa nane nilipanda juu zaidi ya kawaida kutafuta mizizi. Nilikaa chini ya mwaloni kupumzika, nikalala chali, nikatazama juu. Nilitazama tu kama mtu anavyotazama dari. Kisha nikaanza kutafuta. Wakati kama ule mwaka uliopita vikokwa vilikuwa vimeshatokeza, vya kijani, vimevaa kofia zao. Sasa hakukuwa na kitu. Nikahamia mti wa pili, wa tatu, wa kumi. Majani yenyewe yalikuwa madogo, machache, na vikonyo vilivyochipuka mwaka ule vilikuwa vifupi kama kidole cha mtoto. Katika mlima mzima niliona kokwa labda thelathini.

Nilishuka bila kikapu changu cha mizizi. Nilikisahau. Mama alikuwa uwanjani anamchana Sun-im nywele.

"Sun-im, mpeleke mdogo wako ndani," nikasema. Alipoondoka nikamkalia mama mbele. "Ulijua tangu lini?"

Hakuuliza ninazungumzia nini. Aliendelea kushika kile kitana.

"Tangu mwezi wa tano. Hayakuwepo maua. Vishada viwili vitatu tu, na majike hakuna kabisa."

"Ulisema kukiwa kukavu, kila jike linapata mume!"

"Nilisema. Lakini kama majike hayapo, mume ataoa nini?" Safari hii hakucheka. "Uliuona mwaka jana jinsi mti ulivyozaa? Matawi yalivunjika. Ulitoa kila ulichokuwa nacho kwenye shina na mizizi. Halafu ukakaa mwaka mzima bila maji. Mti unachoka, mwanangu. Hata ukavumiwa na upepo mzuri namna gani, kama ghalani hamna kitu, hamna. Unataka miaka miwili, mitatu, ujilishe wenyewe kwanza. Hilo nilikuwa nalijua. Nilikuwa nalijua tangu nikiwa msichana. Baba yangu alikuwa akisema mti unafanya hivyo makusudi, unawanyima kindi na fukusi mpaka wapungue, halafu siku moja unazaa kuliko wanavyoweza kumaliza, na kokwa chache zinabaki kuota. Ukizaa sawasawa kila mwaka, wataongezeka, watamaliza zote, usiote mwaloni hata mmoja."

"Na sisi je? Sisi ndio kindi?"

"Sisi ndio kindi," akasema.

"Ulijua, halafu ukasema mambo yanakuja."

"Nilisahau kwanza. Naapa nilisahau, nilifikiria ukame tu, nikasahau mti. Ukame wa zamani ulikuwa wa mwaka mmoja, sikupata kuona wa miaka miwili. Nilipopanda mlimani nikaona, nikataka kuwaambia. Nikashuka. Mama Deok-gu akachungulia pale ukutani, anacheka. Umemwona yule akicheka? Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa na kesho yake."

Nilitaka kumpiga. Ninasema kweli, nilikuwa na mikono miwili na nilitaka kumpiga mwanamke wa miaka sitini aliyemzaa mume wangu. Badala yake nikasema, "Unakwenda sasa hivi kisimani. Unakwenda kuwaambia."

Kisima cha kijiji kilikuwa kinatoa ndoo moja moja, hivyo daima kulikuwa na foleni. Mama alisimama mbele ya watu wapatao ishirini, mikono amefungia kwenye aproni, akasema yote. Hakujitetea. Alisema, "Mialoni haina kitu mwaka huu, nilijua tangu mwezi wa tano, nikawaficha. Nendeni bwawani kama bado wanapokea watu."

Kisha Mama Deok-gu akaweka ndoo yake chini taratibu.

"Si ulisema yanakuja, Okgwa? Mimi nilidhani yanakuja kwa miguu ndiyo maana yamechelewa." "Nilimfukuza Bwana Seo mlangoni kwangu kwa maneno yako. Nilimfukuza kama mbwa."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli! Usinijibu kwa heshima hapa! Nitukane basi, kama kawaida yako, tujue moja!"

Mama Deok-gu alimwagia mama maji miguuni, ndoo nzima, maji aliyoyapangia foleni tangu alfajiri. Akaondoka. Watu walitazama ardhi ikiyanywa.

Bwana Seo alikwenda bwawani siku ileile, akarudi keshoye mchana na vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amewabembeleza wakubwa wa kazi mpaka wakampa nafasi sita. Nyumba zilizoomba zilikuwa kumi na nne. Tukachomoa vijiti kutoka kwenye kofia yake. Mimi nilipata kirefu, cha nafasi. Mama Deok-gu alipata kifupi.

Jioni ile mama alinifuata jikoni nilipokuwa nafunga nguo zangu.

"Mama Sun-im. Nafasi yako mpe yule."

"Hapana."

"Mimi ndiye niliyemponza."

"Wewe ndiye uliyemponza, kwa hiyo mpe nafasi yako wewe. Hii ni yangu. Nina watoto wawili ndani humo, mmoja hasimami."

"Watasema..."

"Waseme. Nimebeba maji yako, nimebeba kokwa zako, nimekubeba wewe. Sitabeba na hili."

Sijajisifia jibu lile mpaka leo, wala sijalijutia. Kulipopambazuka nikaondoka.

Bwawani tulibeba udongo kwa kibebeo cha mbao mgongoni, kutoka chini ya bonde mpaka juu ya ukingo. Kilima kidogo tu, lakini mara sitini kwa siku. Nilijifunza kulala nikiwa nimesimama kwenye foleni ya sepetu. Hakuna cha kusimulia kuhusu kazi ile. Siku ya kwanza ilifanana na ya arobaini. Kila baada ya siku kumi nilirudi Dotgol na mfuko wa unga kichwani, nikakuta mama amewaweka watoto hai kwa mizizi na gome, vidole vyake vimepasuka, kucha mbili zimetoka. Alikuwa haongei sana. Nilipika unga ule, tukala bila kutazamana, nikalala saa chache, nikarudi.

Safari ya kwanza mama aliniomba kibakuli cha unga. Nilimpa viwili. Akavipeleka kwa Mama Deok-gu mwenyewe. Mama Deok-gu alipokea, akamwaga unga kwenye chombo chake, akarudisha bakuli, akafunga mlango. Ikawa hivyo kila safari, miezi miwili, bila neno. Wala mimi hakuniambia kitu tukikutana njiani. Alinitazama usoni kana kwamba anatafuta mahali pa kuweka neno, akapakosa, akapita zake.

Nafasi nyingine zilipopatikana, mwanzoni mwa mwezi wa kumi, Mama Deok-gu akaandikwa. Siku tatu kabla hajaenda, baba mkwe wake, yule mzee asiyeona, alikufa. Alikuwa na miaka sabini na minne. Kwa muda mrefu alikuwa anasema ameshiba ili sahani yake ipelekwe kwa wajukuu. Hakuna aliyesema amekufa kwa njaa, na hakuna aliyesema hakufa kwa njaa.

Nilikuwa nyumbani siku ya maziko. Mama alivaa nguo yake nyeupe ya katani, akaenda. Mtu hakumsalimu. Alizunguka nyuma ya nyumba ile, akakaa kwenye vyombo, akaosha kila bakuli lililoletwa, na mabakuli yenyewe yalikuwa ya supu ya maji na majani. Alikaa pale mpaka wa mwisho kuondoka akaondoka. Nilipomfuata kumwambia turudi, nilimkuta amechutama na kitambaa mkononi, maji yamepoa, anaosha bakuli lililokwisha kuoshwa. Nikamchukua mkono. Ulikuwa mwepesi kama kuni zilizokauka. Tulitembea hatua zile chache mpaka kwetu, nikahisi hasira yangu bado ipo, iko palepale, ila sina tena nguvu ya kuibeba. Nikamlaza. Nikamfunika.

"Mama Sun-im," akasema macho yamefumba, "kumbe ulifanya vizuri kukataa."

"Lala, mama."

"Mal-suk amekimbia leo. Amemkimbiza kuku wa watu."

"Nimemwona. Lala."

Majira ya baridi yaliisha kama yanavyoisha, mfuko hadi mfuko. Tulibeba udongo mpaka theluji ikatuzuia, tukabeba tena ilipoyeyuka. Mama Deok-gu alibeba kwenye mstari uleule niliokuwamo mimi, mara nyingi mbele yangu, nikiona visigino vyake tu. Mara moja kamba ya kibebeo chake ilikatika, nikaifunga. Alisema asante kama anavyomwambia mgeni.

Mwaka wa sitini na tisa, wiki ya tatu ya mwezi wa sita, mvua ilinyesha. Ilinyesha siku mbili, usiku na mchana, majaruba yakageuka vioo. Hakuna aliyecheza wala kupiga ngoma. Tulikuwa hatuna mwili wa kucheza. Tuliondoka bwawani bila kumuaga mtu, tukakimbia nyumbani kuwahi miche, na kijiji kizima kikashuka shambani pamoja, jaruba kwa jaruba, maana peke yako huwezi.

Tulipanga mstari, kamba imevutwa toka tuta hadi tuta, maji mpaka nusu ya muundi. Sijui ni nani aliyetupanga hivyo, lakini mama alijikuta kati yangu na Mama Deok-gu. Tulipanda mistari mitatu bila mtu kusema neno. Mgongo wa mama ulikuwa haunyooki tena, kwa kazi ile ikawa kama amejaliwa. Lakini miguu ilimchelewesha, alikuwa anaserereka upande.

"Bibi," Mama Deok-gu akasema bila kuinua kichwa, "sogea huko. Unanikanyagia miche."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha mama kwa muda wa miezi kumi.

Mama alisogea. Matope yakamnasa mguu, akayumba, na Mama Deok-gu akamshika kiunoni kwa mkono wenye matope, akamsimamisha, akamwachia. Alama ya vidole vitano ikabaki kwenye nguo nyeupe. Hawakutazamana. Mwisho wa kamba mtu akapiga kelele, "Haya!" tukarudi nyuma hatua moja, sote kwa pamoja, tukainama tena.

Tulimaliza jaruba lile jua likiwa utosini. Tukapanda tutani, tukanyoosha migongo kadiri kila mmoja alivyoweza, tukanywa maji. Halafu tukashuka kwenye jaruba lililofuata.